Mtu wa Mtumbwi Mwekundu

Jirani anakandika banda lake la kuku. Harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na samadi imeingia hadi jikoni kwangu, na maharage yameungua nikiwa nimesimama tu.

Nilipokuwa mtoto, ukuta wa tembe letu, nyumba yetu ya udongo, ulikuwa na picha moja, ukurasa wa kalenda niliopewa na muuguzi wa misheni. Aliniambia aliyeichora ni Mfaransa aliyehama mji wa baridi akaenda kusini mwa nchi yao, akaichora pwani ile ile mpaka uzeeni. Miti ilikuwa ya waridi, ardhi nyekundu kuliko yetu, maji ya buluu iliyokolea, na mtu mmoja ndani ya mtumbwi mwekundu.

Baba alikuwa ameenda kuvua samaki kwenye bwawa la Mtera, na hatukuwa tumepata hata salamu.

"Hapa ni Mtera?" mama aliniuliza, kidole kwenye picha.

"Ndiyo, mama."

"Na huyu?"

"Baba."

Alicheka, mara ya kwanza tangu baba aondoke. Mwaka ule na uliofuata, tulipokandika nyumba kabla ya mvua, aliizunguka picha kwa ncha za vidole asiichafue.

Kisha baba mdogo akaja na koti la baba mkononi, akasema mtumbwi ulipinduka. Mama hakulia. Alichota udongo kwa kiganja, akafunika maji ya pichani, akafunika miti. Yule mtu alimwacha mwisho.

Mimi nilishika ndoo. Nilijua yule ni mtu wa Ufaransa, hajazama, lakini nilimsogezea mama ndoo.