Kitanda cha Nne

Mkwe wangu tulimpa jina la Kipimo, na hatukumsingizia. Kazi yake ni kuchora makabati ya jikoni, na mtu huyo hawezi kuingia mahali asipapime kwa macho. Alipokuja kumposa binti yangu aliutazama mlango wetu kabla hajanitazama mimi, kisha akasema umeinama kidogo upande wa bawaba. Tangu siku hiyo sikumwamini sawasawa. Ni mtu wa maneno machache, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka huu mshindo ukaja. Alitangaza kwamba anachora mashua ya tanga itakayomchukua yeye, mkewe na watoto wao wawili safari ndefu ya baharini, nchi hadi nchi, mwaka mzima. Mimi naishi nao tangu goti langu liliponigomea, lakini katika safari hiyo sikutajwa. Nikasema sawa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kumbe zilianzia sakafuni kweli. Aliondoa makochi sebuleni, akabandika utepe wa bluu chini kuonyesha umbo la mashua kwa ukubwa wake halisi: hapa jiko, hapa choo, hapa ngazi ya kutokea juu. Maboksi yakawa vitanda. Mjukuu wangu akikanyaga utepe, baba yake alimwambia ametoboa ubavu, maji yanaingia. Sikatai, kazi aliijua. Chuma ni ghali, basi angetumia plaiwudi, na urefu wa mashua aliupanga ufuate plaiwudi jinsi zinavyouzwa dukani, zisikatwe hovyo. Chini angefunga uzito wa madini ya risasi, ili wimbi likiilaza mashua ubavu, iinuke yenyewe. Nilipomtaka aape kwamba itainuka, alisema hawezi kuapa, ila anaweza kupiga hesabu upya. Jibu gani hilo la kumpa mama mkwe?

Machale yalianza kunicheza kwa sababu ya minong'ono. Nikiingia jikoni, yeye na binti yangu wananyamaza, kisha mmoja wao ananiuliza habari za goti. Siku moja nikakuta boksi moja limeondolewa na mashua imefupishwa kwa nyuma. Nikahesabu vitanda. Watu wanne, vitanda vitatu.

Nikaanza kumchunguza. Simu yake ikilia, nilitega sikio. Akichelewa kurudi, nilinusa shati lake kabla halijafuliwa. Lilinuka gundi ya mbao, nami nikasema huyu mjanja, anajifunika kwa gundi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamume anayeondoa kitanda cha mkewe ana lake jambo. Niliona yote: atawapakia wajukuu wangu, atamwacha mwanangu gatini akipunga mkono, na huko mbele kuna mwanamke mwingine anangoja. Kwamba huyo naye angehitaji kitanda, sikulifikiria.

Jumapili moja tulikuwa mezani jikoni, watoto wameenda kucheza nje. Uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza kitanda cha nne kiko wapi.

"Baharini lazima mtu mmoja awe macho ashike usukani, Mama," alisema. "Kitanda chake kingekaa bure. Nikikitoa, mashua inakuwa fupi na gharama inashuka."

Maneno matamu, lakini alikuwa akimtazama mkewe.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," nikamwambia. "Mkifika bandarini na kutia nanga, nani atakuwa macho? Si wote mtalala?"

Kipimo akabaki kupima ukingo wa meza kwa kidole. Binti yangu ndiye aliyeweka kijiko chini.

"Mwache, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia akitoe. Siendi."

Akaeleza bila kunitazama. Safari ndefu haitakuwepo, maana mtu mzima akiwa mmoja, akilala hakuna wa kushika usukani. Kipimo atawazungusha watoto karibu na pwani tu, siku za likizo. Na yeye, mwanangu, anabaki kwa sababu kila mgeni anayeingia hapa ananisikia nikisema kwamba wakiondoka nitafia humu ndani, na atakayenigundua ni muuza maziwa. Alisema hawezi kusafiri na maneno hayo.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwanza. Mwanangu amenichagua mimi. Kisha nikamwona Kipimo ameinamisha kichwa, mtu niliyemnusia shati, aliyeikata mashua yake kwa mkono wake mwenyewe na akakubali nimdhanie ubaya kuliko kunitajia sababu. Aibu ikanipanda hadi masikioni.

Mimi nikiona aibu hukasirika. Niliwaambia sikuzaa mtoto ili awe mlinzi wangu, kwamba dada yangu ana chumba cha wageni na maneno ya kunitosha mwaka mzima, na kwamba sitaki kusikia wajukuu wangu wako majini na nahodha anayesinzia.

"Mrudishie kitanda chake," nikamwambia Kipimo. "Leo hii, mimi nikiona."

Nikaenda sebuleni, nikakaa kwenye kiti changu, ambacho nilikuwa nimekwisha kukisogeza pale palipobaki wazi mashua ilipofupishwa. Kipimo alileta utepe, akapiga magoti, akaanza kuirefusha mashua taratibu hadi akafika kwangu. Hapo akasita, hajui aombe vipi.

Nikainua miguu yote miwili, na goti linauma, akapitisha utepe chini yake.