Beseni la Bi Restuta

Katika makao ya wazee yaliyo kilimani, nje kidogo ya mji wa Lindi, kila mtu alikuwa na cheo chake. Mzee Kornelio alikuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, au alidai hivyo, na hakubaki mtu wa kumbishia. Bi Restuta alikuwa mwenye beseni.

Cheo hicho alikuja nacho kutoka kijijini kwake Nyangamara. Kule alimnawisha baba mkwe, kisha mume, kisha wageni wa mume. Mume alipofariki, na watoto wakahamia Dar es Salaam wakawa wanampenda kwa simu, yeye alibaki na mikono inayojua kushika beseni. Makaoni, kabla ya ugali, alipita na beseni la bati na taulo begani, akipiga goti mbele ya kila mzee kwa kufuata umri. Maji yalikuwa yaleyale toka wa kwanza hadi wa mwisho. Kuyamwaga katikati kungekuwa kumwambia mtu kwamba yeye ni mchafu.

Mzee Salumu alipoanza kuhara na kutapika, Bi Restuta alimwonea huruma, akampandisha cheo.

"Mgonjwa anawe kwanza," alisema, na hata Kornelio aliridhia.

Kisha akaugua Tekla, naye akatangulizwa. Ikawa kila anayetoka chooni akijishika ukuta anapelekewa beseni kwa heshima zote, na wengine wananawa nyuma yake. Ugonjwa ukapita mtu kwa mtu, kwa adabu, bila kumruka yeyote.

Bwana Benjamini, msimamizi, aliitisha kikao. Kikao kikaona kosa ni la kisamvu, kisamvu kikapigwa marufuku. Waliokula maharage wakahara vilevile. Muda wote huo, mbele ya ukumbi wa chakula, bomba jipya la kunawia lilisimama na sabuni yake, limefungwa utepe mwekundu, likimsubiri mgeni rasmi ambaye kila wiki alikuwa na udhuru.

Muuguzi Jenipher alipokuja kutoka mjini, alitazama mlo mmoja tu, akamfuata Bi Restuta jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, ugonjwa huu unatembea kwa mikono. Mgonjwa anauacha majini, anayefuata anauchukua. Wanahitaji sabuni na maji yanayotiririka."

Bi Restuta akalitazama beseni lake. "Yaani nimekuwa nikiwapakulia choo?"

"Hukujua, bibi."

Akaenda kwa Kornelio. Mzee alikuwa amelala, macho yameingia ndani, hata maji ya chumvi na sukari hayakai tumboni.

"Mwenye beseni," alinong'ona, "safari hii usinitangulize. Wakubwa nao wana siku zao za kuwa wa mwisho."

Bi Restuta hakucheka. Alirudi jikoni, akachukua kisu, akaenda bombani.

"Bibi!" Benjamini alikuja mbio. "Bomba hilo halijazinduliwa!"

"Na matumbo yetu, nani aliyeyazindua?"

Utepe ukaanguka. Wazee wakajikongoja kwenda kunawa, na wagonjwa wapya wakaanza kupungua. Benjamini alifunga utepe mwingine. Mgeni rasmi alikuja, akaukata, akausifu uongozi kwa kuchukua hatua kabla ugonjwa haujaingia. Wazee walipiga makofi wakiwa wameketi, kwa sababu miguu ilikuwa bado haijarudi.

Bi Restuta alikaa pembeni, mikono mapajani. Bombani kila mtu alijinawia mwenyewe.

"We mama!" Kornelio aliita kutoka kitandani, sauti imerudi na ukali wake. "Sisi tusioweza kufika bombani tunanawa wapi?"

Akainuka haraka. Alijaza birika, akachukua sabuni, akapiga goti, akamimina maji polepole juu ya vidole vile vyembamba, yakaangukia besenini. Kisha akatoka, akayamwaga chooni na kulisugua beseni. Aliporudi, mzee alikuwa amekunja uso.

"Umeyamwaga. Kwa hiyo mimi mchafu?"

"Ndiyo, mzee wangu," alisema Bi Restuta, akipiga goti tena. "Lete kucha hizo, hazijatakata."