Nani Kasema Hii Si Familia?

Ipo siku ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hadi leo damu hunichemka.

Nilikuwa kijana, nasafisha vyumba hotelini, na tuliishi wanawake tu katika fleti moja ughaibuni, kwa Waarabu, mtaa wa Al Muraqqabat. Mkubwa wetu alikuwa Bi Shemsa, Mzanzibari, fundi cherehani. Mwenzetu Nafula, wa Bungoma, alikuwa ametoka hospitali kupasuliwa tumbo, hata kuketi hawezi bila kushikwa. Tulimwogesha kwa zamu. Mwanawe alikuwa amemwacha nyumbani kwa nyanya, mama yake Nafula, maana alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga.

Ijumaa moja akaja kaka yake, Simiyu, aliyeishi mji huohuo, mtaa wa Jumeirah Village Circle. Hospitali hakukanyaga hata mara moja! Akaketi, akanywa chai yetu, kisha akasema, "Nimeongea na shemeji. Nafula akipona arudi kwake. Mtoto analelewa na nyanya, mama anaishi na watu baki. Hiyo si familia."

Nafula alifumba macho, machozi yakamtoka.

Bi Shemsa akaweka chini bakuli la uji. Sijapata kumwona na hasira vile. "Watu baki? Mimi niliyemshika dada yako akitapika? Na mama yako anayemlea mjukuu, naye si familia? Unataka kumrejesha kwa mtu anayemvunja mbavu, ati kwa kuwa huko yupo mwanamume? Khalas, basi! Muulize mwenyewe."

Simiyu akamgeukia dadake.

"Siendi, kaka," Nafula akasema. "Nitabaki hapa."

Simiyu akatoka bila kuaga. Alikaa muda mrefu bila kupiga simu, na hilo lilimuuma Nafula, sikufichi. Lakini kwa yule mume hakurudi. Mtoto alikulia kwa nyanya, akasoma, na hadi leo akipiga simu hutuamkia sote, mmoja mmoja, akimwita kila mmoja wetu mama.

Sasa nakusikia wewe, mwanangu, ukimcheka mwenzako kwamba kalelewa na shangazi, eti hana kwao. Koma! Kuna nyumba ya baba na mama, kuna ya nyanya na wajukuu, ya mama peke yake, ya ndugu waliobaki wenyewe. Usihesabu nani hayumo. Tazama kama waliomo wanatunzana. Na penye kipigo, usimrudishe mtu huko kwa jina la familia, hata akikuomba nani.

Mungu akupe watu wa kukushika siku utakayougua, mwanangu, na akupe moyo wa kuwashika wengine. Amina.