Bajaji Iliyokodiwa

Nimejikasirikia mpaka leo, na nayaandika haya mnicheke au mnitukane, mtajua wenyewe. Mimi ni wa Mbeya, Soweto. Kwetu bajaji ni ya abiria wote. Ukiona kiti kitupu, unapanda.

Wiki iliyopita nilikuwa Iringa kwa shangazi, mwanangu akachemka kwa homa. Nikambeba mbio kwenda barabarani kutafuta usafiri wa hospitali. Bajaji ikapunguza mwendo kwenye tuta. Nyuma walikaa bibi mmoja na dada aliyepakata mtoto. Nikajitosa ndani.

"Dada, hii imekodiwa," dereva akasema.

"Imekodiwa na kiti kinabaki kitupu? Acheni roho mbaya, nina mgonjwa."

Bibi akamwambia, "Mwache, baba. Tutampitisha hospitali."

Badala ya kushukuru, nikamgeukia yule dada. Mtoto wake alikuwa kafunikwa kitenge mpaka kichwani.

"Mama gani wewe? Hata kama Iringa kuna baridi, mtoto anapumuaje humo?"

Akakivuta kitenge zaidi. Nikaona ananidharau.

"Mnazaa tu, kulea hamjui," nikasema, nikanyoosha mkono nikamfunua mwenyewe.

Kale kauso kalikuwa kametulia. Puani kulikuwa na pamba.

Dada akakirudisha kitenge taratibu. "Amefariki asubuhi," akasema. "Tunampeleka kwa baba yake."

Kisha akamgusa mwanangu kwenye paji la uso.

"Huyu anachemka sana. Dereva, ongeza mwendo."