Kijiko cha Mafuta ya Mkaratusi

Mdogo wangu alilegea mapajani mwa mama, mdomo ukimnuka mkaratusi, na hakuamka. Leo nimeinusa tena harufu ile, nikasimama mlangoni pa duka la dawa la Mkuyuni.

Tukishikwa mafua, mama alitufukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, makamasi na machozi yakatiririka pamoja. Majani hayo hatukuyanywa kamwe. Halafu maduka ya dawa yakafunguliwa kila kona. Mwenye duka wa Mkuyuni akasema, "Mama, achana na majani. Mafuta haya ni mkaratusi uleule, umekamuliwa tu. Mpe mtoto kijiko."

Mama alinusa, akaamini. Kumbe majani ya chungu kizima yamo kwenye kichupa kimoja, na mafuta hayo ukiyanywa ni sumu.

Msibani ulisema, "Kazi ya Mungu." Mungu hakutuuzia kichupa, mzee. Ulituuzia wewe. Toka dukani unijibu.