Maziwa ya Jioni

Syokau, mama yake Muli, alipima maziwa kwa miaka kumi na tisa katika kituo kidogo cha wafugaji mashariki ya Thika. Ukutani alibandika jedwali alilolichora mwenyewe: bakteria wakiingia kwenye maziwa mapya hukaa kwanza muda wa saa mbili wakizoea, kisha hujigawa, mmoja wawili, wawili wanne, kila nusu saa.

Jumatano moja ya Februari stima ilipotea alfajiri. Maziwa yakamiminwa saa mbili asubuhi ndani ya tangi lisilopoza. Saa sita, Kagwe, meneja wa kituo, akasimama mlangoni pa Syokau. Shule ya msingi jirani ilikuwa ikingoja maziwa ya chai.

"Daktari wa mitungi, tumwage ama tupeleke?"

"Ngoja nihesabu."

"Hesabu haraka. Watoto hawanywi hesabu."

Syokau alianzia bakteria elfu kumi kwa kila mililita. Akatoa ule muda wa kuzoea. Zilibaki saa mbili, yaani nusu saa mara nne, nazo zikampa laki moja na elfu sitini. Kiwango cha juu cha kituo kilikuwa laki mbili. Akatia sahihi.

Ng'ombe hukamwa mara mbili kwa siku, lakini gari la kituo lilipita asubuhi tu. Kwa hiyo wafugaji walilaza maziwa ya jioni jikoni, wakayachanganya na ya asubuhi, na wakiulizwa husema yote ni ya leo. Bakteria wa humo walikuwa wengi mno, na walikuwa wameshazoea. Hawakungoja hata dakika.

Shuleni maziwa yalichemshwa. Moto uliua bakteria. Sumu waliyoiacha haikufa. Watoto thelathini na mmoja walitapika. Kaluki wa darasa la pili, aliyekuwa bado dhaifu kwa malaria, alifariki Alhamisi.

Baba yake, Nzioki, alikuwa mfugaji wa kituo hicho. Baada ya mazishi alikwenda kwa Syokau, akakataa kiti.

"Mama Muli, zile chupa za sampuli tunazoacha, umezipima?"

"Nimepima zote."

"Sisi tulichanganya. Nataka kujua kama ni maziwa yetu."

Chupa ishirini na saba zilikuwa na maziwa yaliyochanganywa. Ya Nzioki ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

"Wengi walichanganya, Nzioki. Na aliyetia sahihi ni mimi."

"Sijakuuliza wengi."

Syokau alifunga daftari la vipimo. Nzioki aliliangalia daftari lililofungwa, akavaa kofia, akatoka. Wiki hiyo hiyo aliuza ng'ombe wote wawili.