Kanga Juu ya Boksi la Pedi

Duka letu la spea liko Arua, chini ya kile kilima chenye ofisi za serikali. Mimi nauza mbele, mume wangu anafunga spea kwenye magari uwanjani nyuma. Kwa miaka mingi swali lililonichosha kuliko yote lilikuwa hili: "Hii ni orijino?" Nilijibu kama nilivyoambiwa na waliotuuzia Kampala. Nao, nadhani, walijibu kama walivyoambiwa.

Mteja niliyempenda zaidi alikuwa mzee mmoja wa Koboko, dereva wa zamani wa malori ya jeshi, ambaye siku hizi ana pikapu ya kubebea mihogo kutoka Kuluba. Hakuwa mtu wa haraka. Alisalimia, akauliza habari za watoto, ndipo akafungua boksi la pedi za breki na kuzipeleka puani.

"Hii iko ya Japan," alisema huku amefumba macho. "Harufu yake mimi najua."

Boksi lenyewe lilikuwa limeandikwa Japan, kwa hiyo sikuwa na la kubisha.

Kisha mwenzangu mmoja wa Kampala, mama aliyezoea kwenda China kununua mali, akaniambia tufuatane. Mume wangu alisema niende, yeye atabaki na duka na watoto. Nikaenda, na huko wakatupeleka kwenye kiwanda cha pedi za breki.

Nilitegemea kitu cha kutisha. Nikakuta ukumbi mrefu wenye joto na unga mweusi, unga wenyewe ukishindiliwa juu ya vibati vya chuma, kisha vikaingizwa kwenye tanuri kama mikate. Upande wa pili vilipakwa rangi, vikapelekwa kwenye meza ndefu. Hapo wanawake waliovaa kofia za kitambaa walikuwa wanapanga pedi kwenye maboksi: mekundu, ya bluu, meupe. Pedi zilitoka kwenye rundo moja. Nikasogea. Boksi jekundu nililijua. La bluu pia nililijua, lilisema Ujerumani. Hata lile la mzee wangu, la Japan, lilikuwepo pale, na mwanamke mmoja alikuwa analifunga huku anaongea na jirani yake.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Binti aliyekuwa akitutafsiria akaniuliza kuna nini.

"Hawa wote nakaa nao nyumbani," nikamwambia. "Sikujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja."

Mwenye kiwanda hakuona aibu yoyote. Aliniuliza nataka jina gani, na boksi la rangi gani. Halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria hata kidogo: nataka unga gani? Kumbe kulikuwa na unga wa bei ya chini unaokwisha upesi, wa katikati, na mwingine wa magari yanayobeba mizigo milimani. Pedi za unga wowote zingeweza kuingia kwenye boksi lile lile, na mtu wa dukani asingetambua. Mwenzangu wa Kampala alinifinya mkono nichukue wa katikati. Nikachukua ule wa mizigo. Oda yangu ilikuwa ndogo, basi wakaiunganisha na ya mwenzangu.

"Na hapa chini tuandike Japan?" binti alitafsiri. "Wengi wanapenda hivyo."

Akilini nikamwona mzee amefumba macho mbele ya kaunta yangu. Ningewezaje kumtazama?

"Andikeni China," nikasema.

Jina lilinishinda. Mwishowe niliomba wachore kanga, yule ndege, kwa sababu kule Inde nilikokulia kanga walizunguka nyuma ya nyumba yetu siku nzima, na siku ile nilikuwa nimewakumbuka watu wa nyumbani sana.

Mzigo ulipofika, mume wangu alifunga pedi za kwanza kwenye gari letu wenyewe. Alijaza magunia ya mchanga, akaenda Koboko na kurudi. Alishuka anatabasamu, akasema tu, "Zinashika."

Haikupita muda mrefu mzee akaja. Nikamwekea boksi la kanga mbele yake. Aligeuza, akasoma, uso ukakunjamana.

"Mama, hii iko ya China."

"Ndiyo, mzee. Iko ya China."

"Mimi nataka ile ya Japan."

Nikamletea. Nikaziweka zote mbili kwenye kaunta, nikamsimulia yote: tanuri, meza, wale wanawake, boksi lake likifungwa. Alinusa moja, akanusa nyingine. Akarudia. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi, akingoja.

"Sasa," mzee alisema polepole, "hii miaka yote mimi nanusa China?"

"Hata mimi nilikuwa sijui, mzee."

Alicheka kicheko cha kutoka tumboni, akafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Akachukua za kanga. "Nitajaribu," alisema. "Lakini kama hii haishiki, mimi nakuja kulala hapa dukani kwako."

Hatukumwona tena kwa muda mrefu, nikaanza kuwa na wasiwasi. Siku moja tulikwenda Koboko kwenye harusi ya jamaa wa mume wangu. Tulipokuwa tunapita sokoni, pikapu yenye mihogo mpaka juu ikasimama mbele yetu, kimya, bila mlio wowote wa breki. Mzee akashuka, akawaita madereva wenzake.

"Huyu ndiye mama wa kanga," aliwaambia. "Vitu vyake viko vya China, lakini yeye alikwenda kuona na macho yake. Na hasemi uwongo."

Dereva mmoja, Mkongomani aliyehamia hapo, akauliza, "Mutu anaweza kupata ya gari kubwa?"

"Anaweza," mume wangu akajibu kabla yangu, na wakaanza kuongea mambo ya malori. Harusini tukafika tumechelewa, wali umeanza kuliwa. Shangazi yake mume wangu alitusogezea sinia bila kuuliza tulikuwa wapi, nasi tukanawa tukala.